Mzee Aliyekataa Sindano

Watu wa Keumbu walimwogopa Sista Bathsheba Mokeira kuliko walivyomwogopa daktari mwenyewe, na hawakukosea. Daktari Angwenyi alikuwa mtu wa kucheka na kuwapiga watu bega. Bathsheba hakucheka kazini. Alikaa nyuma ya kidirisha cha dawa, mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na minne, na kila aliyetoka kwa daktari na karatasi ilimbidi apite mbele ya macho yale. Ukimwambia umesahau chupa ya kutilia dawa, alikutuma nyumbani ukailete, hata kama nyumbani ni ng'ambo ya mto. Ukimletea chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi, nayo bado inanuka mafuta ya taa, ungetamani ardhi ipasuke ikumeze.

Hakuzaliwa na ukali huo. Alikulia katika boma la Wasabato waliopanda pareto, akapelekwa hospitali ya misheni kujifunza udresa, na huko kwa miaka mitatu alifundishwa kuosha vidonda, kuchemsha sindano na kuzijua dawa kwa majina na kwa tabia zake. Akaolewa na dereva wa lori la ndizi. Mwaka 1968 lori lilipinduka kwenye mteremko, mume akafa papo hapo, na Bathsheba akabaki na watoto watatu wa kusomesha. Daktari Angwenyi alipofungua chumba chake cha matibabu kando ya barabara ya Keumbu, Bathsheba alikuwa wa kwanza kubisha mlango kuomba kazi. Huwezi kumlaumu mtu kama huyo kwa kukunja uso. Mshahara ule ndio uliokuwa mume, shamba na shangazi.

Sasa, dawa za pale zilikuwa na mwendo wake. Uingie unaumwa kichwa, uingie na kifua, uingie na mguu ulioteguka, ulitoka na karatasi yenye mambo yaleyale matatu: sindano ya penisilini, vidonge vya malaria, na mchanganyiko wa kahawia wa kujaza chupa yako. Jumla shilingi kumi na mbili, yaani jasho la kibarua la siku nne. Sindano peke yake ilikuwa shilingi tano. Zahanati ya serikali haikudai hata senti, lakini mara nyingi haikuwa na kitu ila aspirini na pole.

Wala asilaumiwe daktari peke yake. Watu wenyewe ndio walioitaka sindano. Mtu akitoka bila kuchomwa, alitangaza soko zima kwamba yule daktari hajui kazi, amempapasapapasa tu. Wapo waliofika wakiwa wazima kabisa, siku moja kabla ya safari, wachomwe moja ya njiani. Daktari alijaribu mwanzoni kukataa, akaona wateja wanahamia kwa mtu mmoja mwenye bomba la sindano mfukoni aliyezunguka sokoni, naye akafuata upepo. Ukiandika kitu kimoja kila siku, mkono huzoea, na mkono ukishazoea jicho nalo huacha kuangalia.

Bathsheba alikuwa akiangalia. Katika mwezi mmoja tu, Machi mwaka 1972, alirudisha karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mama ambaye penisilini ilishawahi kumvimbisha uso mpaka macho yakafumba. Ya pili ilikuwa ya mtoto mchanga aliyeandikiwa kipimo cha mtu mzima. Mara zote mbili alikuwa sahihi, na hakuna kinachomuudhi mkubwa kama mdogo aliye sahihi mara mbili.

"Sista," daktari alimwambia, safari hii bila kucheka, "kazi yako ni kutoa dawa, si kunisahihisha mbele ya wagonjwa. Karatasi ya tatu usiniletee. Ukiona umeishika, chukua kikapu chako uende nyumbani."

Bathsheba aliitikia, kwa sababu karo ya muhula wa pili ilikuwa haijalipwa.

Mzee Obwocha alikuja mara ya kwanza mwezi wa Aprili, mvua kubwa zikiwa zimeshika. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu, mrefu wa kuinama kwenye kila mlango, na boma lake lilikuwa bondeni, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Alimwambia daktari kwamba haja ndogo inamchoma, ana homa, na mgongo unauma. Daktari akaandika vidonge vya salfa na, kama kawaida, sindano. Kwenye kidirisha mzee akalipia vidonge, akasukuma karatasi nyuma kwa kidole kimoja.

"Sindano hapana."

Watu wote kwenye benchi waligeuka kumtazama. Ilikuwa kama mtu aliyealikwa harusini akakataa nyama. Bathsheba alidhani pesa zimepungua, akatia vidonge kwenye bahasha, akaandika juu yake kwa mwandiko wake mzuri wa misheni: OBWOCHA. Viwili, mara nne kwa siku. Akamsomea mara mbili, akaifunga kwa gundi.

Baada ya wiki mzee akarudi. Hakuna nafuu. Daktari akapandisha dawa, penisilini ya vidonge, bei mara mbili ya ile ya kwanza, na sindano. Mzee akalipa, akakataa sindano, akachukua bahasha yenye jina lake, akaenda. Baada ya wiki nyingine akarudi tena. Hali imezidi. Safari hii daktari aliguna, akaandika tetrasaiklini, dawa ya kapsuli iliyokuwa mpya kule, shilingi ishirini na nane, na sindano chini yake. Mzee alishauza mbuzi jike asubuhi hiyo. Aliziweka noti na sarafu kwenye kidirisha na kusema lile lile.

"Sindano hapana."

Hapo Bathsheba alisimamisha mkono. Mtu mwenye homa ya wiki tatu na mgongo unaouma alikuwa amepanda kutoka bondeni na mkungu wa ndizi begani, akautua mlangoni bila hata kuguna. Macho yake yalikuwa meupe, hayana wekundu wa homa. Mkono alioutoa na pesa haukuwa na joto. Na katika miaka yote ya kidirisha kile, hakuwahi kumwona mgonjwa wa kweli akiikataa sindano mara tatu huku ameshika pesa yake mkononi.

Mzee naye alizitazama kapsuli, akasogea karibu na kuuliza kwa sauti ya chini, "Hizi, mtu mwenye mwili mdogo, haziwezi kumzidi?"

"Mtu gani, mzee?"

"Mimi," akasema Obwocha, ambaye kichwa chake kilikuwa karibu kugusa boriti.

Bathsheba alifunga kidirisha. Hakuwahi kukifunga mchana tangu aajiriwe, na benchi zima lilinung'unika. Akampeleka mzee chumba cha nyuma, sindano zilikokuwa zikichemka kwenye stovu, akamuuliza kwa Ekegusii, lugha yao wote wawili, ni nani hasa anayeumwa. Mzee alitazama sakafu. Akamuuliza tena. Mzee akajibu kwamba ni yeye, na uso wake ukajifunga kama mlango.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote juu ya anayeficha maradhi ya mwingine. Bathsheba alikuwa Mgusii, hakuhitaji kuchorewa. Mzee mwenye aibu ya namna ile haoni haya kwa ajili ya kaka wala binti. Kuna chinsoni, ile heshima ya kuogopana kati ya baba na mke wa mwanawe: haingii nyumba yake, hamshiki mkono, na ya mwili wake hayataji, hasa ya chini ya kiuno, hasa mbele ya mwanamke. Kwa Ekegusii maneno yale yasingetoka kinywani mwa Obwocha hata angetiwa kisu shingoni. Na saa zilikuwa zikienda, na daktari angesikia kelele za benchi wakati wowote.

"Mzee," Bathsheba akasema, "niambie kwa Kiswahili. Kiswahili hakina mkwe."

Obwocha alimtazama kwa mara ya kwanza. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili kwenye mashamba ya chai ya Kericho, na Kiswahili alikileta kutoka huko pamoja na koti.

"Ile mgonjwa si mimi," akasema. "Ni bibi ya kijana yangu, Abner. Kijana iko Nyansiongo, nakamua ng'ombe ya watu, narudi mwisho wa mwezi. Bibi iko peke yake. Hii kitu ya kukojoa nachoma yeye, sasa wiki tatu. Na joto. Yeye nalia, mimi nasikia kutoka nyumba yangu."

"Amekuambia yeye?"

"Yeye aseme na mimi namna gani? Persis, bibi ya ndugu yangu, ndiyo aliniambia. Halafu akaenda matanga kwao, hajarudi."

"Na dawa unampa vipi?"

"Naweka kwa mlango. Nakohoa. Naenda."

Bathsheba alishusha sauti. "Ana mimba?"

Mzee aligeukia ukuta. "Miezi saba, nafikiri. Mimi siangalii."

Zile kapsuli zilikuwa bado kwenye kiganja cha Bathsheba. Misheni walimfundisha wazi: tetrasaiklini usimpe mwenye mimba. Inamharibu mtoto, na ikizidi inaweza kummaliza mama. Na homa ya wiki tatu kwa mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, na mgongo, maana yake ugonjwa umeshapanda kwenye figo. Aliogopa, na hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Akasema ni lazima amwambie daktari sasa hivi.

Mzee akaushika mkono wake kwa nguvu. "Daktari ni mtoto wa ukoo yetu. Yeye naita mimi baba. Ukisema, mimi naingia wapi? Ulisema Kiswahili haina mkwe. Sasa hii maneno usitoe kwa Kiswahili, usipeleke kwa nyumba."

Bathsheba alimtazama mzee, akaona kwamba akikataa, mzee ataondoka mlangoni pale na hakuna atakayemfikia tena yule mwanamke. "Sitasema mpaka wewe mwenyewe uniruhusu," akajibu. Wasabato hawaapi ovyo, lakini neno lao ni neno.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Angwenyi alikuwa amesimama pale na koti lake jeupe, na nyuma yake nusu ya benchi ilikuwa imenyoosha shingo.

"Kidirisha kimefungwa kwa nini?"

"Daktari, dawa hii siwezi kuitoa."

"Kwa nini?"

Bathsheba alifumbua mdomo, akaufunga. Sentensi moja tu ilitosha. Ana mimba. Angeisema, daktari angepiga paji la uso, angeifuta karatasi, na kazi ingebaki. Mzee alikuwa amesimama kando ya stovu, kofia mkononi, akiangalia vidole vya miguu yake.

"Siwezi kusema."

"Huwezi kutoa dawa, na huwezi kusema kwa nini huwezi." Daktari alizungumza polepole, na ndivyo watu walivyojua amekasirika. "Hii ni ya ngapi, Sista?"

"Ya tatu."

"Basi unajua njia."

Ndivyo unga ulivyomwagika. Bathsheba alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Daktari mwenyewe aliingia nyuma ya kidirisha, akahesabu kapsuli, akaandika jina, akamsukumia mzee bahasha. Shilingi ishirini na nane zilikuwa tayari kwenye droo. Mzee Obwocha aliitazama bahasha, akamtazama mwanamke aliyekuwa akitoka na kikapu, akavaa kofia, akamfuata. Bahasha ikabaki kwenye kidirisha, daktari ameishika kwa ncha.

Walitembea mvuani kuelekea bondeni, mzee mbele. Kichwani mwa Bathsheba karo na mimba vilikuwa vikigombana, na kila alipoteleza kwenye tope alijiuliza kama yeye ni mwanamke wa haki au ni mjinga tu wa kawaida. Kwenye ua wa boma mzee akasimama, hatua thelathini kutoka nyumba ya mwanawe, akaelekeza kwa kidevu. Hakusogea zaidi.

Ndani, Nyanchama, mke wa Abner, alikuwa kitandani, amejikunja, msichana wa miaka ishirini na midomo iliyopasuka kwa homa. Bathsheba alimgusa ubavuni nyuma, msichana akaruka kwa maumivu. Lakini alipoweka mkono juu ya tumbo, mtoto alimpiga teke, na Bathsheba akapumua.

"Dawa ulizomeza zimebaki ngapi?"

"Dawa gani, mama?"

"Alizoleta mzee. Akaweka mlangoni."

"Zile za baba?" Nyanchama aliinuka kwa kiwiko, akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na bahasha mbili, kavu, gundi yake haijafunguliwa. "Nilidhani nyumba yake inavuja, anataka zikae mahali pakavu. Nimemtunzia. Nimekuwa na wasiwasi kwamba haji kuzichukua. Yeye anaumwa nini?"

Bathsheba alizichukua bahasha. OBWOCHA, kwa mwandiko wake mzuri. Nyanchama alisoma mpaka darasa la saba, na ni nani katika Ugusii wote angetia kinywani dawa yenye jina la baba mkwe wake? Wiki mbili huyu binti alilala na dawa chini ya kichwa chake, akiungua, akimhurumia mzee. Na aliyeifunga dawa ile isimfikie alikuwa Bathsheba mwenyewe, kwa kalamu, kwa usafi wa kazi yake aliyojivunia. Aliona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kulia, na mgonjwa ndiye aliyembembeleza.

Kisha akafuta uso na kutoka nje kuita watu. Majirani wanne walileta ngazi, wakaifunga blanketi, wakamlaza Nyanchama juu yake. Mzee Obwocha alitangulia na panga, akikata matawi yaliyoangukia njia, na hadi barabarani hakugeuza kichwa nyuma hata mara moja. Lori la maziwa liliwachukua mpaka hospitali kuu mjini Kisii. Jioni ileile Nyanchama alianza kuchomwa sindano. Daktari wa zamu alisema figo zimeumia ila zitapona, na mtoto yuko salama, lakini wangechelewa siku mbili tatu asingeahidi kitu.

Bathsheba alimpelekea mzee habari hizo kwenye baraza, alikokuwa ameketi peke yake. Akamweleza pia habari za bahasha, maana hakuona haki ya kumficha. Mzee akasimama na kuvua kofia. Aliposema, alisema kwa Ekegusii, na sauti yake ilisikika na watu wote waliokuwa barazani.

"Mke wa mwanangu alikuwa akiugua mkojo, nami nikaona haya. Kamwambie huyo mtoto wa ukoo wetu. Mwambie yote. Asije akamwandikia mtu mwingine namna hii."

Kesho yake asubuhi, kabla wagonjwa hawajafika, Bathsheba aliingia kwa Daktari Angwenyi bila kubisha. Aliweka bahasha mbili mezani, zimefungwa vilevile. Akasema yote, hadi maandishi ya jina, hadi sehemu yake mwenyewe, bila kujitetea na bila kumtetea mtu.

Daktari alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaitafuta kadi ya Obwocha, akaiweka kando ya bahasha. Kulikuwa na mistari mitatu ya mwandiko wake, kila mmoja na dawa nzito zaidi na bei kubwa zaidi kuliko wa juu yake.

"Nimepandisha dawa mara tatu," akasema, "kwa mtu asiyeumwa, kwa sababu hakuponywa na dawa ambazo hakuna aliyezimeza. Na wala sikumgusa. Ningemgusa mara moja tu, ningejua hana homa."

Daktari aligeuza kiti, akatazama masanduku ya kadi kwenye rafu, miaka minne ya Keumbu, marefu kuliko meza. Alivuta kadi moja kutoka katikati, akaisoma. Sindano, vidonge, mchanganyiko. Hakuna nafuu. Sindano, vidonge vizito zaidi, mchanganyiko. Hakurudi. Akavuta nyingine. Bathsheba aliona rangi ikimtoka usoni, mtu yule wa kupiga watu bega.

"Wako wangapi, Sista?" akauliza. "Hawa ambao hawakurudi."

"Sijui."

Nje wagonjwa wa kwanza walikuwa wameanza kukaa kwenye benchi na chupa zao. Daktari alishusha sanduku la kwanza akaliweka mezani kati yao wawili. Bathsheba, ambaye tangu jana hakuwa na kazi pale, alivuta kiti, akaanza kusoma majina.